Kamuzu Banda: Mtu aliyeshika ufunguo wa kihenge cha Malawi

WAFANYABIASHARA wanaoingia Lilongwe kwa barabara kuu ya kaskazini, wakitokea Kasumulu, Karonga na Kasungu, wanavijua vihenge vya Kanengo. Ni minara mirefu ya kuhifadhia nafaka, na ukishaiona unajua mji umefika. Wengi wetu tuliipita tukiwaza ushuru, bei ya kwacha na mahali pa kulala, bila kuuliza ni nani aliyeamua ijengwe pale.

Aliyeamua ni mtu yule yule ambaye utawala wake ulijenga gereza la Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Gereza hilo mwaka 1994 liligeuzwa kambi ya wakimbizi, na humo maelfu yetu kutoka Burundi, Rwanda na Kongo tulilelewa, tukasoma na wengine kuoa. Mtu huyo ni hayati Dk. Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi.

Nimeona vema kusimulia maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, naye alikuwa mtu aliyeishi ugenini zaidi ya miaka 40 kisha akarudi kwao, kama wasomaji wengi wa ukurasa huu. Pili, katika viongozi wa eneo letu ni wachache walioijua njaa na kuiogopa kama yeye, na maisha yake yana somo kwa kila mwenye jiko na watoto.

Kutoka Kasungu kwa miguu

Banda alizaliwa karibu na Kasungu katika familia ya Kichewa. Mwaka rasmi uliotangazwa na serikali yake ulikuwa 1906, lakini wengi waliochunguza habari zake wanakubaliana kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1898. Alisoma shule za misheni ya Waskochi. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa katika chumba cha mtihani baada ya kuinuka ili aone ubaoni, kwa kuwa alikuwa mfupi, msimamizi akadhani anaibia majibu.

Ilipokaribia kati ya miaka ya 1910, kijana huyo alishika njia ya kusini kwa miguu, kama walivyofanya vijana wengi wa Nyasaland wakati ule. Alifanya kazi hospitalini Rhodesia ya Kusini, kisha akaingia machimbo ya dhahabu karibu na Johannesburg. Huko alijiunga na kanisa la Wamarekani weusi la AME, na kwa msaada wa watu wa kanisa hilo akasafiri kwenda Marekani mwaka 1925.

Alianza na shule ya Wilberforce, Ohio. Mwaka 1931 alipata shahada Chuo Kikuu cha Chicago na mwaka 1937 akahitimu udaktari katika chuo cha Meharry, Tennessee. Alipotaka kufanya kazi katika makoloni ya Uingereza alilazimika kupata vyeti vya Uingereza pia, hivyo akasoma tena Edinburgh na kuvipata mwaka 1941. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitibu wagonjwa kaskazini mwa Uingereza, na vita vilipokwisha akafungua zahanati yake Harlesden, London. Nyumba yake ikawa mahali pa kupitia Waafrika waliokuwa wakidai uhuru wa nchi zao.

Njaa ya mwaka 1949

Akiwa London, kwao kulitokea jambo ambalo wazee wa kusini mwa Malawi hawajalisahau. Mvua za mwanzo wa mwaka 1949 zilikatika wakati mahindi yanabeba. Eneo la Blantyre na milima ya Shire liliungua. Hadi mvua zilizofuata, watu walikula mizizi na pumba, na serikali ya kikoloni ilifungua vituo vya kugawa mahindi. Waliokufa ni mamia, kwa hesabu zilizoandikwa.

Walioichunguza njaa hiyo baadaye waliona kwamba haikuwapiga watu wote sawasawa. Mwenye mshahara mjini alipata mgao wa mwajiri. Mwenye jamaa mbali aliwatuma watoto huko. Walioumia zaidi ni wanawake ambao waume zao walikuwa wameondoka kwenda kutafuta kazi, wazee, na wale waliouza mahindi yao yote wakati wa mavuno wakitegemea kununua tena. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo la mwisho, kwa sababu tutalirudia.

Kurudi

Mwaka 1953 Banda alihamia Kumasi, nchi ya Gold Coast ambayo leo ni Ghana. Vijana wa chama cha kupigania uhuru huko kwao, akina Henry Chipembere na Kanyama Chiume, walikuwa wanatafuta mzee wa kuwaongoza, mwenye mvi na elimu ambaye wakulima wangemsikiliza. Wakamwandikia arudi. Alishuka uwanja wa ndege wa Chileka, Blantyre, Julai 6, 1958. Alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu, na Kichewa chake kilikuwa kimechakaa kiasi kwamba alihutubia kwa Kiingereza na kuwa na mkalimani.

Sisi tuliorudi makwetu tunaielewa hali hiyo. Mtu anarudi na elimu ya ugenini na lafudhi ya ugenini, na wenyeji wanamtazama kwa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Anaweza kuchagua kujifunza upya, au kuchagua kuwafundisha wengine tu. Banda alichagua la pili.

Machi 3, 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikawakamata viongozi wa chama na kuwaua zaidi ya watu 50 katika vurugu zilizofuata. Banda alifungwa Gwelo, Rhodesia ya Kusini, hadi Aprili 1, 1960. Alitoka akiwa shujaa. Julai 6, 1964, miaka sita kamili tangu arudi, Nyasaland ilipata uhuru na kuitwa Malawi.

Ahadi tatu na kadi moja

Ahadi ya Banda kwa wananchi ilikuwa fupi na kila mtu aliielewa: chakula cha kutosha, nguo nzuri mwilini na nyumba isiyovuja. Kila mwaka kabla ya mavuno alizunguka nchi nzima kukagua mashamba, akiwa na kofia yake na usinga mkononi. Wananchi walimpa cheo cha Mchikumbe nambari moja, yaani mkulima mkuu. Mwaka 1971 serikali iliunda shirika la ADMARC, ambalo lilinunua mazao ya wakulima wadogo na kuuza mahindi mpaka vijijini. Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo vikajengwa vihenge vya Kanengo, vyenye uwezo wa kuhifadhi tani 180,000 za mahindi, akiba ya taifa zima. Kuna miaka ambayo Malawi iliuza mahindi nje wakati majirani wakiomba msaada.

Hayo ni mema yake na hatuna sababu ya kuyaficha. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Miezi miwili tu baada ya uhuru, Septemba 1964, mawaziri wake walipompinga aliwafukuza baadhi na wengine wakajiuzulu. Wengi walikimbia nchi. Kanyama Chiume aliishi miaka mingi Dar es Salaam. Yatuta Chisiza alirudi na silaha mwaka 1967, akauawa. Orton Chirwa na mkewe Vera walikamatwa mwaka 1981, na Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Mwaka 1971 Banda alifanywa rais wa maisha.

Kadi ya chama cha Malawi Congress ikawa kama chumvi, huwezi kuishi bila hiyo. Vijana wa chama walisimama milangoni mwa masoko na vituo vya mabasi wakidai kadi. Mama mwenye kikapu cha nyanya na asiye na kadi alirudishwa nyumbani na nyanya zake. Mashahidi wa Yehova, ambao imani yao iliwakataza kununua kadi, walipigwa, wakachomewa nyumba na wengi wao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Baadhi yao walifungwa Dzaleka.

Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu waliohesabiwa kuwa wapinzani wa utawala. Jina lake linatokana na neno la Kichewa la kuahidi kuacha, kwamba ukitoka humo hutarudia tena. Waliofungwa na kunusurika walisimulia kazi ngumu, viboko na chakula kidogo. Kwa hiyo katika nchi moja, chini ya mkono mmoja, palikuwa na vihenge vilivyojaa na watu waliolala njaa kwa amri.

Na haikuwa magerezani tu. ADMARC ilinunua mazao ya mkulima mdogo kwa bei ya chini, na faida ikaenda kwenye mashamba makubwa ya tumbaku, mengine yakiwa ya kampuni za rais mwenyewe. Utafiti wa afya wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Malawi walikuwa wamedumaa. Akiba ilikuwepo Kanengo. Kwenye sahani za watoto haikufika ipasavyo.

Ufunguo unabadilisha mikono

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Malawi ilipokea zaidi ya wakimbizi milioni moja wa Msumbiji, jambo ambalo kwa nchi ndogo kama ile linastahili heshima. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1992. Mwezi Machi mwaka huo maaskofu Wakatoliki walitoa barua ya kichungaji iliyokemea utawala, nayo ikasomwa makanisani. Juni 14, 1993 wananchi walipiga kura ya kuchagua vyama vingi. Mei 17, 1994 Bakili Muluzi alimshinda Banda, na mzee akakubali matokeo. Mwaka 1995 alishtakiwa kwa mauaji ya wanasiasa wanne yaliyotokea Mwanza mwaka 1983, mahakama ikamwachia huru. Alifariki Johannesburg Novemba 25, 1997, akikaribia umri wa miaka 100. Kaburi lake la marumaru liko Lilongwe, mji alioufanya makao makuu mwaka 1975 badala ya Zomba.

Vihenge vya Kanengo vilibaki, na ufunguo ukapita mikononi mwa wengine. Kati ya mwaka 2000 na 2001 karibu akiba yote ya taifa iliuzwa. Wafadhili walikuwa wameshauri ipunguzwe kwa sababu kuitunza ni gharama kubwa. Serikali ilisema ilifuata ushauri, washauri wakasema hawakushauri iuzwe yote. Mavuno yakaja mabaya. Februari 2002 Rais Muluzi alitangaza hali ya janga, wakati watu wameshakufa. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo, kuanzia mamia hadi zaidi ya elfu moja.

Walioumia zaidi walikuwa tena kama wale wa mwaka 1949: wajane, wazee, na waliouza mahindi yote mwezi wa mavuno wakitegemea kwamba kihenge kikubwa kipo.

Ndoo ya mama

Nilikuwa mwanafunzi Dzaleka. Mama yangu hakujua habari za Kanengo, lakini alikuwa na sheria yake. Kila mgao ulipokuja, kabla hajapika, alichota bakuli moja kwa kila mtu wa nyumbani na kulimimina kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda. Tulilalamika. Mwaka mmoja mgao ulichelewa kwa wiki kadhaa, na ndoo ile ikatulisha uji, sisi na mama mzazi wa nyumba ya pili.

Mwaka uliofuata mama alipata gunia zima, akaliweka sakafuni ukutani. Masika yalipokwisha tulilifungua tukakuta mahindi ya chini yameota ukungu wa kijani. Alilia. Siku zote tulisema akiba haiozi, na ile ilikuwa imeoza mbele yetu. Methali hiyo ni ya kweli kwa anayeitunza.

Wenyeji wetu Wachewa walilijua hilo zamani. Nkhokwe yao, ambayo sisi tungeiita kihenge, husukwa kwa mianzi, huinuliwa juu ya nguzo ili unyevu na panya wasifike, na huezekwa nyasi. Humo waliweka mahindi ya kienyeji yenye punje ngumu ambayo wadudu hawayapendi. Mambo mawili yaliuvuruga utaratibu huo. Kwanza ni mbegu za kisasa zenye mavuno mengi lakini punje laini. Pili ni dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, ambaye alijulikana Tabora, Tanzania, kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980, wengine wakimwita Scania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amefika kaskazini mwa Malawi. Dumuzi hasafiri mbali kwa mabawa yake peke yake. Alisafiri ndani ya magunia yetu, sisi wafanyabiashara.

La kufanya nyumbani

Ndugu msomaji, hesabu ya akiba si ngumu. Mtu mzima hula takriban gramu 400 za unga kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Familia ya watu 6 inahitaji kilo 72 kwa mwezi. Miezi 4 ya njaa, kuanzia Desemba hadi Machi kwa watu wa Malawi, ni kilo 288, karibu magunia 6 ya kilo 50. Usiyauze hayo hata bei ikipanda. Asiye na uwezo wa magunia 6 aanze na moja, na asiye na gunia aanze na ndoo ya mama yangu. Maharage, chumvi na dagaa wakavu vina nafasi yao pia.

Pili, kausha kwanza. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado ina unyevu, irudishe juani juu ya turubai. Pukuchua, kwa sababu dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi. Weka magunia juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta. Ukitumia dawa ya unga kama Actellic, fuata maelekezo ya pakiti na usiyale mahindi hayo kabla ya muda ulioandikwa. Mifuko ya plastiki ya tabaka tatu iliyofungwa barabara haihitaji dawa kabisa, kwani wadudu hukosa hewa wakafa. Mahindi yenye ukungu usiyasage ukijidanganya kwamba moto utaondoa sumu. Hauondoi.

Tatu, tumia ya zamani kwanza, na andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Hicho ndicho kilichoipata Malawi mwaka 2002, na ndicho huzipata nyumba nyingi mwezi Januari, baba anapodhani kuna magunia 3 kumbe limebaki moja.

Nne, usitegemee mpaka. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, baada ya Malawi nayo kuzuia baadhi ya bidhaa kuingia. Marufuku ya Tanzania haikukaa muda mrefu, lakini aliyekuwa njiani na lori la mazao anajua siku moja ya mpaka kufungwa ina gharama gani. Hali kadhalika, mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa na maduka Lilongwe walipokamatwa na kurudishwa Dzaleka, wengi walifika na nguo walizovaa. Aliyekuwa na kitu kambini alikula, na aliyekuwa ameweka vyote dukani alipanga foleni.

Mjini Lilongwe kuna soko liitwalo Tsoka, na neno hilo kwa Kichewa maana yake ni mkosi. Waliosoma nami huenda kutafuta riziki huko bila kuogopa jina. Nami sidhani njaa ni mkosi. Mvua kukatika ni jambo la mbinguni, lakini kihenge kuwa kitupu ni kazi ya mikono ya watu.

Kamuzu Banda aliliona hilo mapema kuliko wengi, akajaza kihenge cha taifa. Kosa lake ni kwamba aliuning'iniza ufunguo shingoni mwake peke yake, na aliyeupokea akaufanyia alivyotaka. Serikali zetu ziendelee kujenga vihenge, na sisi tuendelee kuzidai hesabu. Lakini mavuno yakija, kabla lori la mnunuzi halijapiga honi mlangoni, toa kwanza magunia ya watoto, uyahesabu mbele ya mwenzio, na kila mmoja wenu ajue ufunguo uko wapi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma uhamishoni nchini Malawi na kurejea nyumbani.